Fishi za Kyabuta

Mwaka 1954 Raphaël Kalonda alikuwa na miaka ishirini na tisa, na katika Kasongo nzima hapakuwa na karani aliyesifiwa hati yake kama yeye. Alisoma kwa mapadri, akaoa, akajenga nyumba upande wa misheni, kisha hospitali ikamchukua awe karani wa timu ya ugonjwa wa usingizi. Timu hiyo ilizunguka vijiji vya Kasongo na Kabambare karibu mwaka mzima. Ilipapasa watu shingo, ikapima damu yao, na wale waliokutwa wazima ikawachoma sindano ya kinga ili mbung'o wasiwatie malale.

Kazi ya Raphaël ilikuwa kadi. Kila mtu aliyepimwa alikuwa na kadi yake ngumu, nao waliziita fishi. Ukingo wote wa fishi ulikuwa na vitundu, na kila kitundu kilikuwa na maana yake: mwanamume, mwanamke, mtoto, mgonjwa, amechomwa, amechomwa na muuguzi wa kwanza, amechomwa na muuguzi wa pili. Raphaël alikuwa na koleo dogo. Akitaka kuonyesha kwamba mtu amechomwa, alikata ukingo hapo penye kitundu chake kikabaki wazi. Halafu, fishi zikishakuwa mia tano sandukuni, alipitisha chuma chembamba katika kitundu kimoja na kukiinua. Zilizokatwa zilidondoka mezani, zisizokatwa zikabaki zinaning'inia. Kwa dakika moja alijua jambo ambalo makarani watatu wa zamani wangelitafuta siku mbili.

Kila mwisho wa mwezi hesabu zake zilipelekwa Bukavu, kutoka Bukavu zikateremka Léopoldville, na kutoka huko, Daktari Hollebeke alimwambia, zilifika Ulaya mbele ya watu walioamua ni nchi ipi ya Afrika ipate dawa na ipi ingoje. Raphaël aliwaza sana juu ya watu hao. Ndiyo maana fishi zake hazikuwa na pengo. Mara moja tu, mwanzoni, Bukavu walirudisha fishi arobaini ambazo kitundu cha muuguzi hakikukatwa, pamoja na barua iliyomfanya Daktari akae siku nzima bila kumsemesha. Tangu hapo Raphaël hakuacha kitundu cha muuguzi bila kukikata. Asipojua, alikisia, na hakuna aliyewahi kugundua.

Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, timu ikiwa imepanga nyumba Kabambare, mjumbe alifika asubuhi kutoka kijiji cha Kyabuta. Alikuja kwa baiskeli, matope hadi magotini, akasimama mbele ya baraza la Daktari bila hata kuomba maji.

"Watu wanakufa," alisema. "Pale mulipowachoma, nyama inaoza. Inavimba, inakuwa nyeusi, na ukibonyeza inalia kama kuna hewa ndani. Tumezika wane. Wengine kumi na tano wako chini."

Walikuwa wamechoma Kyabuta Jumanne. Watu mia tatu na kumi na wawili.

Daktari Hollebeke alitoka na kikombe cha kahawa mkononi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye haraka, anayejua Kiswahili cha amri na kidogo cha mazungumzo. Alimsikiliza mjumbe mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akaingia ndani kufunga sanduku la penisilini. Kabla hajamaliza, Bwana Mkubwa wa teritwari, Mzungu aliyetawala wilaya ile, alikuwa amekwisha fika na polisi wawili, maana habari ilimfikia yeye pia.

"Nani aliwachoma?" Bwana Mkubwa aliuliza. "Kama kuna mtu anawatia watu sumu ili wachukie serikali, nataka jina lake sasa hivi."

Daktari alimgeukia karani wake. "Raphaël. Fishi za Kyabuta."

Mjumbe alitaja majina kumi na tisa, wafu na wagonjwa. Raphaël alizitoa fishi zao moja moja, akazipanga, akapitisha chuma kwenye kitundu cha muuguzi wa kwanza, akainua. Zote kumi na tisa zilidondoka. Hakuna hata moja iliyobaki kwenye chuma.

Muuguzi wa kwanza alikuwa Abedi.

Abedi alikuwa mtu wa Kasongo, wa mtaa wa Waislamu, mwenye miaka arobaini hivi, baba wa watoto watano. Kumi na miwili kati ya miaka yake aliitumia katika kazi ya sindano. Wakati huo alikuwa nyuma ya nyumba akichemsha mabomba ya sindano. Polisi walimfuata huko huko. Raphaël aliwasikia wakimwambia aweke chini alichokishika, kisha akamwona anapitishwa mbele ya baraza, mikono imefungwa kwa kamba ya katani, kofia yake nyeupe ikiwa mkononi mwa polisi.

"Nimefanya nini?" Abedi alimwuliza Daktari. Daktari alitazama pembeni. Ndipo Abedi akamtazama Raphaël na zile fishi mezani. Hakuuliza tena.

Daktari alipanda gari kwenda Kyabuta na penisilini yake. Kabla ya kuondoka alimwachia Raphaël maagizo: aandike ripoti ya kupelekwa Bukavu, jedwali lionyeshe wagonjwa wote ni wa Abedi. Kazi ya kijiji cha Lubelenge iendelee kama ilivyopangwa, kesho Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, watu mia tano. Muuguzi wa pili, Antoine, alikuwa ametangulia huko tangu jana na dawa na vifaa vya kazi hiyo. Yeye hakuwa na kosa.

Raphaël alikaa, akachukua karatasi, akachora mistari ya jedwali. Alipofika mahali pa kuandika jina la Abedi mkono ulikataa.

Alikumbuka mvua. Jumanne ile, baada ya saa sita, mvua kubwa ilianguka Kyabuta. Mpaka hapo Abedi na Antoine walikuwa kila mtu na mstari wake, na Raphaël aliketi katikati akikata fishi kila mtu anapochomwa. Mvua ilipoanza watu wote walikimbilia ndani ya shule ya misheni, mistari ikavunjika, Raphaël akafunika sanduku la fishi kwa koti lake na kukaa juu yake kwenye kona lisiloane. Daktari alikuwa mlangoni anapiga makofi, anasema haraka, haraka, kabla giza halijaingia nataka wote, maana Bukavu walitaka hesabu ya mwezi ifike elfu sita. Wauguzi wote wawili walichoma. Nani alichomwa na nani, Raphaël hakuona. Jioni, kwenye taa, akiwa na fishi mia moja na zaidi zisizokatwa kitundu cha muuguzi, alizikata zote kwa Abedi. Mstari wa Abedi siku zote ulikuwa mrefu zaidi. Alikisia, kama kawaida yake.

Akazirudia zile kumi na tisa, safari hii bila chuma. Kila fishi ilikuwa na namba ya zamu aliyoiandika kwa wino pembeni Jumanne asubuhi watu walipojipanga, mtu wa ngapi kuchomwa siku hiyo. Aliangalia namba. Ya chini kabisa ilikuwa 191. Zote za mchana, zote za baada ya mvua. Kati ya watu mia moja na tisini wa asubuhi hakuwamo mgonjwa hata mmoja, na zaidi ya nusu yao walichomwa na Abedi mbele ya macho yake.

Raphaël aliliacha jedwali mezani. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye boloko, jela iliyokuwa nyuma ya ofisi ya teritwari, akasimama mbali kidogo. Askari wa mlangoni alimwuliza anataka nini. Akarudi, akachukua baiskeli ya timu na daftari, akashika njia ya Kyabuta. Kilomita kumi na nane, na karibu zote ni matope.

Alifika saa nane mchana. Gari la Daktari lilikuwa mbele ya shule, na Daktari ndani, akipasua majipu na kuchoma penisilini. Raphaël hakuingia. Alianza na nyumba za pembeni, kwa watu waliokuwa hawajaletwa shuleni. Nyumba ya kwanza walifunga mlango. Ya pili mwanamume mmoja alitoka na mwiko wa ugali bado mkononi, akamwambia kwa utulivu kwamba akipiga hatua nyingine atampasua kichwa. Raphaël akarudi nyuma, akabaki amesimama barabarani na daftari lake.

Mwanamke mmoja alikuwa amekaa mbele ya nyumba ya mwalimu, kichwa wazi, nywele hazikusukwa, kama walivyo wanawake wanaoomboleza. Jina lake Émérance, mke wa mwalimu André. Raphaël alimjua kwa sura tu. Siku ya Jumanne timu ilipikia kwake.

"Karani," alimwita. "Umekuja kuandika tena?"

"Mama, nimekuja kuuliza."

"Wamekwisha kuuliza. Wamesema ni yule Mwislamu. Askari amepita hapa akitangaza, wote tumesikia. Juu ya nini unauliza tena?"

Raphaël alikaribia. Angeweza kusema anahakikisha tu hesabu. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni.

"Kwa sababu ni miye niliandika ni yeye," alisema. "Na sikuona. Mvua ilikuwa inanyesha, nikaandika jina lake kwenye fishi za watu wote wa mchana. Nilidanganya, mama. Sasa wamemfunga."

Émérance aligeukia mlango. Ndani ya nyumba kulikuwa na wanawake wanalia kwa sauti ya chini, ya watu waliochoka kulia.

"Yule aliyelala ndani ni mdogo wangu Cécilia," alisema. "Amekata roho alfajiri. Alikuwa amekuja kunitembelea tu, hata si mutu wa kijiji hiki. Nilimwambia twende tuchomwe, tumalize, wasije wakatuandikia makosa."

"Nani alimchoma?"

"Yule mrefu. Antoine. Miye nilichomwa na Abedi, nilikuwa nyuma yake. Walisimama pamoja, chupa moja katikati, kila mutu anavuta dawa humo humo. Miye sikuumwa. Sijui kwa nini."

Raphaël aliandika.

"Mama, ile chupa ilitoka wapi? Asubuhi walichanganya dawa kwa maji ya Kasongo, maji safi ya hospitali."

"Yalikwisha. Munganga alimtuma Antoine kwangu na dumejani, ile chupa kubwa ya kioo. Wakachota maji kwenye pipa la shule, lile linalopokea maji ya bati. Wakaomba chungu changu." Sauti yake ilipungua. "Maji hayakuchemka, karani. Yalianza tu kutoa moshi. Antoine alitaka kungoja, lakini munganga alikuwa anaita, anaita. Akayatoa, akayapitisha kwenye kitambaa, akajaza dumejani. Nilisema moyoni, hawa ni watu wa kusoma, wanajua. Chungu kilikuwa changu. Tangu juzi nakitazama."

"Dumejani lote alilijaza?"

"Lote. Hakutumia hata robo. Alilibeba akaondoka nalo."

Raphaël aliacha kuandika. Dumejani lilikuwa Lubelenge. Kesho saa kumi na mbili Antoine angechanganya dawa ya watu mia tano kwa maji yale.

Émérance aliinuka, akajifunga kitambaa kichwani. Alikwenda mbele ya Raphaël nyumba kwa nyumba, hata kwa yule mwenye mwiko, na walipomwona ni yeye walifungua. Kwa kila mmoja aliuliza mwenyewe, kwa Kibangubangu, lugha ya pale: nani alikuchoma, mrefu au mwenye kofia? Saa kumi ilipofika walikuwa na majina ishirini na sita ya wagonjwa na wafu. Kumi na mmoja walichomwa na Antoine. Kumi na watatu na Abedi. Wawili walikufa kabla hawajamwambia mtu.

Daktari alikuwa ananawa mikono kwenye beseni mlangoni mwa shule Raphaël alipomfikia. Nguo zake zilinuka vibaya na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilikuacha Kabambare uandike ripoti."

"Ripoti si ya kweli, Bwana Munganga." Raphaël alimweleza yote, akianza na kosa lake, akisimama wima kama mtu anayesoma mbele ya darasa, kwa sababu aliogopa kwamba akilegea hatamaliza. Alisema mvua, kona, koti, fishi mia moja na ishirini na mbili. Alisema namba 191. Alisema kumi na mmoja wa Antoine.

"Unajua unachosema?" Daktari alimwuliza polepole. "Kuharibu karatasi za serikali. Unakwenda boloko."

"Najua."

"Na watu watasema umelipwa na ndugu zake Abedi."

"Namba za zamu niliziandika Jumanne asubuhi kabla sijamjua mgonjwa. Uzitazame mwenyewe."

Daktari alimnyang'anya daftari. Alisoma amesimama, kisha akakaa kwenye ngazi. Alipofika kwenye maneno ya Émérance juu ya maji, Raphaël aliona uso wake unabadilika, kwanza hasira, kisha kitu kingine.

"Maji yalichemka," alisema.

"Mama mwenye jiko anasema hayakuchemka."

"Mwanamke wa kijiji anajua nini?"

"Anajua maji yakichemka, Bwana Munganga. Anapika kila siku."

Mkono wa Daktari wenye maji ulikuwa umeacha alama kwenye karatasi. Nyuma yake, ndani ya shule, mtu aliita jina la mama yake mara tatu akanyamaza.

"Dumejani," Daktari alisema mwishowe, kama anajiambia mwenyewe. "Liko kwa Antoine."

Lakini Lubelenge ilikuwa ng'ambo ya mto Luama, na pantoni ya pale, mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa mbao, haikuvusha gari baada ya jua kuzama, na jua lingezama kabla hawajafika mtoni. Simu ya kuongea haikuwapo. Daktari alituma mkimbiaji na barua jioni ile. Baadaye walijua kwamba aliumwa na nyoka kabla ya kufika mtoni, akarudishwa na wavuvi. Wao wenyewe waliondoka Kyabuta alfajiri, wakafika ukingoni jua likianza kutoka. Pantoni ilikuwa upande wa pili.

Daktari alipiga honi, akapiga tena. Ng'ambo mtu mmoja alitoka kwenye kibanda, akajinyoosha, akaingia tena. Raphaël alitazama saa ya Daktari: saa kumi na mbili na dakika tano. Alihesabu bila kutaka. Antoine peke yake aliweza kuchoma watu sitini kwa saa. Pantoni iling'oka ng'ambo saa kumi na mbili na nusu, ikaja taratibu, wapiga makasia wakiimba, na ilipowavusha saa moja ilikuwa imepita. Upande wa pili gari lilikwenda kilomita nane, likazama kwenye tope mpaka kwenye ekseli.

"Kimbia," Daktari alisema. "Miye nakuja."

Raphaël alikimbia. Viatu alivivua, akavitupa kichakani. Alipotokea Lubelenge aliona mstari uliozunguka uwanja mzima, wanawake na watoto mgongoni, wanaume, vikongwe walioletwa kwa machela, na polisi wa chifu wenye fimbo pande zote mbili. Antoine alikuwa ameinama mezani. Karibu na mguu wake lilikuwa dumejani.

"Antoine, acha. Maji hayo mabaya. Ndiyo yaliyoua watu Kyabuta."

Antoine aliinuka na bomba mkononi. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala. "Daktari yuko wapi?"

"Anakuja. Gari limezama."

"Karatasi yake?"

"Sina karatasi. Antoine, weye ulitaka kungoja yachemke. Unakumbuka."

Antoine alitazama chini. Kwa sekunde chache Raphaël alidhani ataweka bomba. Lakini mkubwa wa polisi alikuwa amekwisha sogea na kuuliza kuna nini, na Antoine akasema haraka, kwa sauti ya mtu anayejikinga, "Sina amri ya kuacha." Akamshika mkono mwanamke aliyekuwa mbele. Polisi wakamkamata Raphaël mabegani.

Hapo aligeukia mstari. Hakupiga kelele. Alisema kwa Kibangubangu, lugha ya mama yake, kwa sauti ya kufika mwisho wa uwanja: "Dawa hii imezika watu saba Kyabuta tangu Jumatano. Miye ni karani wa timu. Nimewaona. Rudini majumbani."

Kwanza hakuna aliyejongea. Kisha yule mwanamke aliyeshikwa mkono alijichomoa. Nyuma yake mwingine alitoka, na mwingine, na ghafla mstari wote ulivunjika, watu wakakimbilia migombani, fimbo za polisi zikipiga hewa na migongo. Mkubwa wa polisi alimwangusha Raphaël chini na kumkanyaga shingo. Akiwa pale, shavu kwenye udongo, aliona miguu ya watu inapita, mpaka uwanja ukabaki mtupu na machela moja.

Daktari alifika baada ya robo saa, anahema, suruali imejaa tope. Alitazama uwanja, akamtazama karani wake chini ya kiatu cha polisi. "Mwacheni," alisema. Akaenda kwenye meza, akalifunga dumejani kwa kizibo na kulitia lakiri kwa mkono wake mwenyewe, ili lipelekwe maabara. Kisha akamwuliza Antoine amechoma wangapi.

"Arobaini na wanne. Watu walichelewa kukusanyika."

Walitafutwa wote, siku ile ile, mmoja mmoja, kwa fishi zao. Safari hii zilikatwa sawasawa, na Antoine mwenyewe. Walichomwa penisilini zote zilizokuwapo na zilizotumwa kutoka Kasongo. Sita waliumwa. Wawili walikufa, mzee mmoja na msichana aliyekuwa aolewe. Waliobaki mia nne na zaidi hawakuguswa.

Daktari Hollebeke aliandika ripoti yake kwa siku tatu, mlango umefungwa. Hakumficha mtu ndani yake. Aliandika juu ya pipa la shule na juu ya haraka yake, akaandika pia kwamba karani alikata fishi mia moja na ishirini na mbili kwa kukisia. Bwana Mkubwa wa teritwari alimwomba apunguze, akakataa. Maabara ilikuta vijidudu kwenye dumejani. Baada ya miezi michache Daktari alihamishwa, hawakumwona tena Maniema, na amri ilitoka Léopoldville kwa timu zote: dawa isichanganywe na maji ya kijijini, kila chupa iwe na namba, namba iandikwe kwenye fishi ya mtu saa ile ile anapochomwa, na karani asiyejua asikate kitundu. Ilisemwa kwamba jedwali la Kyabuta lilisomwa pia mbele ya waganga wa makoloni mengine waliokuwa wanatumia dawa ile ile, na kwamba wengine wao walirudi kwao wakafungua madaftari yao kwa hofu. Jina la karani halikuwamo.

Raphaël alifungwa siku sitini, thelathini kwa fishi na thelathini kwa kutawanya watu Lubelenge, kisha akafukuzwa kazi. Abedi alikuwa ameachiwa tangu siku ya tisa.

Alipotoka, Raphaël alirudi Kasongo, na Alhamisi moja akaenda mtaa wa Waislamu. Mke wa Abedi, Amisa, alikuwa anaanika mpunga uani.

"Hodi, shemeji."

Amisa alimtambua. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Alimwita mumewe, akaendelea kuutandaza mpunga kwa kiganja.

Abedi alitoka amekonda. Alimwacha Raphaël aseme yote. Raphaël alisema nusu akiwa ametazama chini, kwa sababu kamba ilikuwa imemwachia Abedi alama kwenye vifundo vya mikono.

"Kaka, nisamehe," alimaliza.

"Siku ile ulipokata kitundu changu, hukufikiri nina watoto?"

"Sikufikiri ni mutu. Nilifikiri ni kitundu."

Amisa aliacha kutandaza mpunga.

"Sikia," Abedi alisema. "Hospitali wameniita nirudi kazini. Lakini nikipita sokoni watoto wanasema yule ni mwenye sumu. Mama mmoja alimvuta mutoto wake pembeni nisimguse. Ripoti ya Daktari iko Bukavu, nani hapa ataisoma? Kama unataka msamaha wangu, kesho baada ya sala ya Ijumaa uje msikitini. Useme mbele ya watu ulichonieleza hapa."

"Miye ni Mkristo, kaka. Wataniruhusu?"

"Utasimama uani. Nitamwambia imamu."

Kesho yake Raphaël alivaa shati lake jeupe, akaenda. Watu walikuwa wanatoka, wanatafuta viatu vyao. Imamu aliwaomba wangoje. Raphaël alisimama karibu na mtungi wa maji ya kutawadha, karibu watu mia mbili wakimtazama, wengi wakiwa wafanyabiashara waliomjua tangu utoto wake. Akaanza na mvua. Alisema namna fishi zinavyokatwa, na kwamba alikata bila kuona. Alisema kumi na mmoja na kumi na watatu, akataja maji, akataja saba waliokufa kabla hajafungua mdomo, na Cécilia kwa jina lake. Mtu mmoja nyuma aliuliza kwa nini hakuacha kitundu bila kukikata.

"Niliogopa barua ya Bukavu," Raphaël alijibu.

Hakuna aliyemzomea, wala aliyemshukuru. Walivaa viatu, wakatawanyika kwa makundi, wakizungumza kwa sauti ya chini. Abedi alipita mbele yake bila kumshika mkono. Hatua chache mbele mwuza nguo mmoja, mzee Zuberi, alimsimamisha Abedi, akamwambia mjukuu wake ana homa tangu jana, na kama hana kazi nyingine aje amtazame. Abedi aligeuza njia, wakaenda pamoja kuelekea sokoni.

Raphaël aliwatazama mpaka wakapotea nyuma ya duka la kona. Kisha na yeye akaenda nyumbani.